Unga wa Probayotiki kwa Nguruwe: Unalipa Wakati wa Kuachisha Ziwa, Haulipi Kila Mahali

Bidhaa ninayoipima hapa ni unga wa probayotiki (vijidudu hai vya kusaidia utumbo) wa kuchanganya katika chakula cha nguruwe, wa aina iliyoenea zaidi sokoni kwa sasa, yaani spora (vijidudu vilivyolala ndani ya ganda gumu) za bakteria Bacillus subtilis na Bacillus licheniformis zilizokaushwa na kuchanganywa na unga mwingine wa kuzibeba, ambao mara nyingi ni chokaa ya mifugo. Pembeni yake nimeweka bidhaa mbili zinazoshindana nayo, kimiminika cha bakteria wa asidi ya maziwa na hamira hai ya Saccharomyces cerevisiae, kwa kuwa mfugaji akiuliza dawa ya kukuza nguruwe bila viuavijasumu (antibiotiki) huwekewa zote tatu mezani na kuambiwa kwamba zinafanya kazi ileile. Hazifanyi kazi ileile. Jina la kampuni sitalitaja, maana watengenezaji ni wengi na vipimo vitakavyomsaidia mnunuzi ni vilevile bila kujali nembo iliyochapwa juu ya kifurushi.

Unga wenyewe hauna mbwembwe. Ni mkavu, una rangi ya kijivu inayoelekea kahawia hafifu, hupeperuka ukimwagwa kwa kasi, na harufu yake ni hafifu, ya udongo mkavu iliyochanganyika na ya maharage yaliyochacha. Ukifungua kifurushi ukakuta mabonge yanayohitaji kuvunjwa kwa vidole, unyevu umekwisha kuingia, na hapo ni busara kumrudishia muuzaji mali yake kabla ya kupoteza tani nzima ya chakula. Kifungashio cha karatasi peke yake sikiamini; kinachofaa ni kile chenye tabaka la foili ndani, kilichofungwa kwa joto.

Kazi kubwa ya mnunuzi iko kwenye lebo. Jambo la kwanza ni aina ya bakteria, nayo inapaswa kuandikwa hadi namba ya ukoo wake, yaani zile herufi na tarakimu zinazofuata jina la kisayansi na zinazoonyesha kwamba bakteria huyo amehifadhiwa katika benki ya vijidudu inayotambulika. Lebo inayosema tu kwamba ndani kuna bakteria wazuri wa tumbo, au inayotaja Bacillus bila kusema ni yupi, haimwambii mnunuzi chochote, kwa sababu koo mbili za Bacillus subtilis zinaweza kutofautiana kabisa: mmoja ukatoa vimeng'enya kwa wingi na kuzuia vijidudu vya kuharisha, na mwingine ukapita tumboni na kutoka bila kuacha alama.

Jambo la pili ni idadi, ambayo huandikwa kwa herufi CFU na maana yake ni bakteria hai wanaoweza kuzaana na kuunda makoloni maabara. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupumbazwa na wingi wa sifuri, kwa hiyo hesabu ifanywe palepale dukani. Unga wenye bakteria bilioni 3.2 kwa gramu, unaotumiwa kwa kiwango cha gramu 400 kwa tani ya chakula, unampa nguruwe bilioni 1.28 katika kila kilo ya chakula, na kiwango cha bilioni 1 hivi kwa kilo ndicho ambacho bidhaa nyingi zilizosajiliwa kwa ajili ya watoto wa nguruwe hukikaribia. Unga mwingine wenye milioni 100 kwa gramu, unaotumiwa gramu 500 kwa tani, unatoa milioni 50 tu kwa kilo, yaani takriban sehemu moja ya ishirini na tano ya ule wa kwanza, ingawa vifurushi vyote viwili vinaweza kuwa na uzito mmoja, picha ileile ya nguruwe mnene na ahadi zilezile. Bei ya kulinganisha ni ya bakteria wanaofika katika kilo moja ya chakula, si ya kifurushi. Tena idadi hiyo iwe ile inayohakikishwa hadi tarehe ya mwisho wa matumizi, si ile iliyopimwa siku unga ulipotoka kiwandani, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huandika ya siku ya kwanza na kunyamazia inayobaki.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Porini na katika ufugaji huria, mtoto wa nguruwe huacha kunyonya polepole kwa wiki nyingi. Bandani huachishwa siku moja, mara nyingi akiwa na wiki tatu au nne, na siku hiyohiyo hutenganishwa na mama yake, huchanganywa na wageni na kuwekewa chakula kikavu ambacho tumbo lake halijakizoea. Wengi hawali vya kutosha siku ya kwanza, na wengine hata ya pili. Utumbo usiopata chakula hujeruhika upesi: vile vinyweleo vidogo vya ukuta wake, ambavyo ndivyo vinavyofyonza virutubisho, hupungua urefu, na tumbo la juu, ambalo bado halitengenezi asidi ya kutosha, huruhusu vijidudu kupita wakiwa hai. Akipoteza sukari ya maziwa iliyokuwa ikiwalisha bakteria wa asidi ya maziwa, mtoto hubaki na utumbo mtupu usio na mlinzi, na hapo Escherichia coli wenye vishikio vya aina ya F4 au F18 hujibandika ukutani, hutoa sumu na kusababisha ule uharo wa majimaji unaojulikana na kila aliyewahi kuachisha watoto wa nguruwe. Anayeokoka hubaki nyuma ya wenzake, na mara nyingi unyong'onyevu huo anauburuta hadi siku ya kuuzwa.

Spora ya Bacillus huingia katika hali hiyo ikiwa imelala, kama mbegu inayongoja mvua, ikapita kwenye asidi ya tumbo bila kudhurika, na ikifika kwenye utumbo mwembamba wenye joto, unyevu na virutubisho, huamka. Bakteria aliyeamka hutoa vimeng'enya vinavyosaidia kuvunja wanga na protini, hutoa kemikali zinazozuia baadhi ya vijidudu washindani, na wataalamu hueleza pia kwamba hutumia oksijeni iliyomo utumboni na hivyo kuwaandalia mazingira bakteria wa asidi ya maziwa wasioihitaji. Hafanyi makao humo. Unga ukikatizwa, hutoweka kwenye kinyesi baada ya siku chache, ndiyo maana kumpa nguruwe dozi moja kwa wiki, kama wauzaji fulani wanavyoshauri ili bidhaa ionekane rahisi, ni kutupa fedha. Hutolewa kila siku ndani ya chakula au hautolewi kabisa.

Kwamba bidhaa hizi zimejaa sokoni si bahati. Mwanasayansi Roy Fuller aliyezipa probayotiki maana yake ya kisasa mwaka 1989 alikuwa akizungumzia nyongeza ya vijidudu hai katika chakula cha mifugo, na mwaka 2001 FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, zikapanua maana hiyo kwa kusisitiza mambo mawili ambayo lebo nyingi huyasahau: kwamba vijidudu viwe hai na kwamba vitolewe kwa kiwango cha kutosha. Msukumo wa kibiashara ulitoka kwingine. Sweden ilipiga marufuku viuavijasumu vya kukuzia mifugo mwaka 1986, Denmark ikafuata hatua kwa hatua katika miaka ya 1990, Umoja wa Ulaya ukaviondoa vyote kuanzia tarehe 1 Januari 2006, na China ikaviondoa katika chakula cha mifugo mwaka 2020. Kisha mwezi Juni 2022 Umoja wa Ulaya ukaondoa pia matumizi ya oksidi ya zinki kwa viwango vya tiba, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa kinga ya bei nafuu ya uharo wa baada ya kuachisha. Ya Denmark ndiyo yenye kufundisha zaidi kwa tathmini hii: viuavijasumu vilipoondolewa, nguruwe wakubwa hawakutetereka sana, lakini watoto walioachishwa waliharisha zaidi, na dawa za tiba kwao zikaongezeka kwa muda. Pengo liko kwa wadogo. Mtu anayeuza probayotiki kwa ajili ya nguruwe wa kilo 80 anaziba tundu mahali ambapo ukuta haukutoboka.

Nilichokiona mabandani kinakubaliana na hilo. Katika vyumba vya watoto walioachishwa, kitu cha kwanza kubadilika ni sakafu. Kinyesi kinachokuwa cha majimaji ya manjano, kinachotapakaa hadi kwenye mapaja na kuacha nywele za chini ya mkia zimegandamana, huanza kushikamana mapema zaidi, na asubuhi mfagiaji hukusanya kitu badala ya kukifukuza kwa maji. Cha pili ni usawa wa kundi: wale wanyonge wa mwisho, ambao kwa kawaida hujitenga pembeni wakiwa na tumbo lililonywea na manyoya yaliyosimama, huwa wachache, na kundi linakwenda pamoja. Uzito huja wa tatu, tena kwa ukubwa usiopigiwa ngoma; ni tofauti ya asilimia chache, inayoonekana kwenye mizani na kwenye daftari kabla ya kuonekana kwa macho. Anayeahidi kwamba unga huu utapunguza miezi miwili katika muda wa kukuza nguruwe anauza ndoto.

Kwa nguruwe wanaonenepeshwa, kuanzia kilo 30 kwenda juu, tofauti niliyoiona ilikuwa ndogo kiasi kwamba katika banda lililo safi na lenye chakula kilichopangwa vizuri ilipotea ndani ya tofauti za kawaida kati ya chumba na chumba. Katika banda chafu, lenye msongamano na chakula chenye nyuzinyuzi nyingi, unga ulisaidia zaidi, lakini hapo ni halali mtu kujiuliza kama fedha hiyo isingefaa zaidi kununulia maji, ufagio na nafasi.

Swali la kama unalipa halijibiwi kwa asilimia za kwenye vipeperushi, hujibiwa kwa kilo za chakula, na hesabu yake ni nyepesi kiasi cha kufanywa nyuma ya risiti. Kwa kiwango cha gramu 400 kwa tani, kila asilimia 1 ya chakula inayookolewa ni kilo 10 kwa tani, na kilo hizo 10 zimenunuliwa kwa gramu 400 za unga, yaani gramu 25 za chakula kwa kila gramu ya unga. Kwa hiyo gawanya bei ya kilo moja ya unga kwa bei ya kilo moja ya chakula, kisha gawanya jibu kwa 25. Utakachopata ni asilimia ambayo unga lazima uiokoe ili mfugaji asipate wala asipoteze. Unga unaouzwa kwa kilo moja mara 50 ya bei ya kilo ya chakula unahitaji kuokoa asilimia 2. Ukiuzwa mara 150, unahitaji asilimia 6, na hiyo ni kazi ambayo sijawahi kuiona ikifanywa na unga wowote kwa nguruwe wa kunenepesha. Chakula cha watoto walioachishwa, kwa kuwa kina protini bora na pengine maziwa ya unga, ni ghali zaidi kwa kilo, na hilo peke yake hushusha kizingiti kwa upande wao, hata kabla ya kuhesabu vifo vilivyoepukwa na sindano ambazo hazikuhitajika.

Tazama pia kiasi kinachotumika. Mtoto anayetoka kilo 7 hadi kilo 25, akila kilo 1.6 za chakula kwa kila kilo anayoongeza, humaliza kilo 29 hivi za chakula na gramu 11 au 12 za unga. Nguruwe wa kunenepesha anayetoka kilo 30 hadi kilo 100, akila kilo 2.8 kwa kila kilo ya uzito, humaliza kilo 196 na karibu gramu 78. Mfugaji anayeweka unga katika chakula chote, kuanzia kuachisha hadi machinjioni, hutumia zaidi ya sehemu sita kati ya saba za fedha yake ya probayotiki mahali ambapo faida yake ni ndogo kuliko kwingine kote.

Nguruwe jike ndiye anayesahaulika, na kwa maoni yangu anastahili kuwekwa karibu na watoto katika foleni. Akianza kupewa unga takriban wiki mbili kabla ya kuzaa na kuendelea hadi siku ya kuachisha, atakula karibu kilo 190 za chakula, ambazo zina gramu 76 za unga, sawa na nguruwe mmoja wa kunenepesha, ila huyu analisha watoto 10 au zaidi. Watoto hao hawazaliwi na bakteria wao wenyewe tayari. Huwapata kwenye njia ya uzazi, kwenye ngozi ya matiti na, tusione haya kusema, kwenye kinyesi cha mama ambacho hukilambalamba tangu siku za mwanzo. Spora zilizoliwa na mama hupatikana humo, na mtoto huingia katika wiki ya kuachishwa akiwa amekwisha kukutana nazo. Kwa majike wanaokula vizuri wakati wa kunyonyesha faida ilikuwa ndogo; kwa wale wa uzao wa kwanza, ambao mara nyingi hususia chakula na kukonda, ilikuwa dhahiri zaidi. Hata hivyo unga haubadilishi kitu kama watoto hawakupata maziwa ya kwanza ya dang'a katika saa za mwanzo, maana kinga iliyomo ndani yake haipatikani katika kifurushi chochote.

Katika kuchanganya, unga wa spora ndio usio na deko. Chakula kinachogandamizwa kuwa punje kiwandani hupita kwenye mvuke wa nyuzi 70 hadi 90 za Selsiasi, joto linaloua bakteria wa asidi ya maziwa na hamira ya kawaida, lakini spora nyingi hutoka upande wa pili zikiwa hai. Kwa anayechanganya kwa koleo sakafuni hatari ni nyingine, nayo ni kutosambaa. Gramu 400 zikimwagwa juu ya tani ya mahindi na soya na kupinduliwa mara mbili, nguruwe mmoja atapata dozi ya wenzake wote na wengine hawatapata kitu. Njia inayofanya kazi ni kupanda ngazi: gramu 400 zichanganywe na kilo 4 za unga wa mahindi ndani ya ndoo mpaka rangi ilingane, kilo hizo zichanganywe na 40, na hizo ndizo ziende kwenye lundo kubwa. Kifurushi kilichofunguliwa kikunjwe, kifungwe, kiwekwe mahali pakavu pasipopigwa na jua, na kisikae karibu na madini ya premiksi (mchanganyiko wa madini na vitamini) yaliyo wazi, kwa sababu chumvi za shaba na zinki pamoja na unyevu kidogo hupunguza idadi ya walio hai.

Kuna kosa moja linalofanywa na wauzaji wenyewe, la kumuuzia mfugaji unga wa probayotiki na dawa ya kuua bakteria siku moja ili vitumike pamoja. Bacillus zinazofaa kwa mifugo zinatakiwa ziwe zile zinazouawa na viuavijasumu vya kawaida. Hicho ni kipimo cha usalama, kisichukuliwe kama udhaifu wao, kwa kuwa bakteria asiyekufa anaweza kuwa amebeba vinasaba vya usugu ambavyo huweza kuhamia kwa vijidudu vya magonjwa. Umoja wa Ulaya umewahi kuiondolea idhini bidhaa ya Bacillus kwa sababu ya usugu wa aina hiyo. Basi nguruwe wakiwa katika tiba, unga usitishwe, kisha urejeshwe dozi ikiisha. Asidi za kuongeza katika chakula, kama ya fomiki au ya sitriki, hazina ugomvi na spora.

Kimiminika cha bakteria wa asidi ya maziwa ni bidhaa yenye sifa nzuri na maisha mafupi. Bakteria wenyewe, kama Lactobacillus na jamaa zake, ndio wenyeji halisi wa utumbo wa mtoto anayenyonya, na wakifika wakiwa hai husaidia kweli. Tatizo ni kufika. Hawana spora, hufa kwa joto, hupungua kwa hewa baada ya chupa kufunguliwa, na hufa kwa klorini iliyomo katika maji ya bomba mfugaji anapowatia kwenye tangi la kunywea bila kuyaacha maji yakae wazi kwanza. Chupa niliyoikuta imepangwa dirishani juani, imefura na kutoa harufu ya kuoza badala ya uchachu safi, ilikuwa bado ndani ya tarehe yake. Anayetaka kuipima nyumbani anaweza kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe hadi nyuzi 40 hivi, kuyagawa katika mitungi miwili safi, kutia kijiko cha kimiminika katika mmoja na kuiacha yote mahali penye joto usiku kucha. Ule uliotiwa ukiganda na kuwa mchachu huku mwingine ukibaki maziwa, kuna uhai ndani ya chupa. Kipimo hiki hakihesabu bakteria, wala hakifai kwa unga wa Bacillus, na aina nyingine za bakteria hawa hugandisha maziwa polepole, lakini chupa iliyokufa kabisa huumbuka.

Hamira hai nayo ina mahali pake, zaidi kwa majike kuliko kwa watoto. Huonekana kusaidia ulaji na kulainisha choo cha jike anayekaribia kuzaa, ambaye kufunga choo ni shida yake ya kawaida, na kuta za seli zake huweza kushikwa na baadhi ya bakteria wa kuharisha badala ya ukuta wa utumbo. Kuipima ni rahisi: katika maji ya vuguvugu yenye sukari hutoa povu. Isichanganywe na ile hamira iliyokufa inayobaki viwandani baada ya kutengeneza pombe, ambayo ni chakula kizuri cha protini lakini si probayotiki, ingawa huwa inauzwa kwa jina hilo.

Mshindani mkali kuliko wote hauzwi dukani. Nafaka iliyosagwa na kulowekwa kwa maji, ikaachwa ichachuke hadi pH, kipimo ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi, ifike chini ya 4.5, hujaa bakteria wa asidi ya maziwa wenyewe na kuwa mahali pagumu pa kuishi kwa Salmonella na Escherichia coli, na mtoto aliyezoea maziwa hupokea uji huo kwa urahisi kuliko chakula kikavu. Sharti ni moja ambalo wengi hawaambiwi: ichachushwe nafaka peke yake, kisha soya, madini na lisini (moja ya asidi amino zinazojenga protini) vitiwe wakati wa kulisha, kwa kuwa lisini ya kutengenezwa kiwandani huliwa na vijidudu ndani ya pipa na mfugaji hubaki akishangaa kwa nini nguruwe wanaharisha kidogo lakini hawakui. Kazi yake ni nzito, pipa lisiposafishwa hugeuka kuwa chimbuko la ukungu, na anayelisha mamia ya nguruwe bila mitambo hataiweza. Kwa mwenye majike wachache na mikono ya kutosha, ni vigumu kwa unga wa kifurushi kushindana nayo.

Kabla ya kununua kwa wingi, mfugaji ajaribu mwenyewe kwa haki. Watoto wa jike mmoja wagawanywe pande zote mbili, madume kwa majike, wazito kwa wepesi, kwa sababu ni kawaida watoto walioachishwa siku moja kutofautiana uzito kwa asilimia 20 au zaidi, na anayeweka unga kwenye chumba cha wanene tayari ameamua matokeo. Wapimwe siku ya kuanza na ya kumaliza, na chakula kinachobaki kwenye vihori kipimwe pia, sio kile kinachomwagwa tu. Vyumba viwili vya watoto 10 haviwezi kuonyesha tofauti ya asilimia 3 kwa uhakika. Jaribio lirudiwe kundi baada ya kundi, vyumba vikibadilishana zamu, mpaka upande mmoja uongoze mara nyingi kuliko bahati inavyoruhusu.

Kwa ugonjwa wa homa ya nguruwe ya Afrika unga huu hauna msaada wowote, na muuzaji anayedokeza vingine aachwe hapohapo na unga wake. Kwa minyoo vilevile. Kwa upande wa mlaji wa nyama, spora za koo zilizosajiliwa hazidai muda wa kusubiri kabla ya kuchinja, kwa hiyo hakuna tarehe ya lazima ya kuuondoa unga katika chakula. Mimi huuondoa nguruwe wanapokaribia kilo 30, na fedha ambayo ingeununua kwa miezi iliyobaki huiweka kwenye soya iliyokaangwa vizuri na lisini ya kutosha, vitu ambavyo kwa nguruwe wa umri huo huonekana kwenye mizani bila kuhitaji kubishana.